Nafasi Chini ya Tarehe

Marehemu kaka yetu, mtoto wa pili wa mama mshonaji na baba mpiga kengele wa kanisa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akabatizwa tarehe 22 Aprili mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1959 hadi 1966, na akapata kipaimara mwaka 1968, baada ya kurudishwa mara moja kwa kubishana na mwinjilisti.

Mjomba wetu, mwandika mabango ya maduka, alimfundisha brashi, na kazi yake ikawa kuandika misalaba ya makaburi, jina juu, tarehe mbili katikati, fungu la Biblia chini, akijisifu kwamba hakuna mteja wake aliyewahi kurudi kulalamika.

Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1975, wakajaliwa watoto watatu, na binti wa kwanza, mboni ya jicho lake, ndiye aliyemkorogea rangi. Binti huyo alifariki tarehe 2 Agosti 2003, kwa homa ya uti wa mgongo ya siku tatu, akiwa na miaka ishirini na sita. Msalaba wake aliuandika baba yake mwenyewe, jina, tarehe mbili, na chini hakuandika kitu. Watu walisema mganga hajigangi, wengine wakasema imani imemtoka, na sisi ndugu, tusifiche, tuliogopa hivyohivyo, kwa maana kanisani alikuja kila Jumapili, ila nyimbo hakuimba tena.

Mwaka 2022 aligundulika na saratani ya ini. Mwezi Mei mwaka huu Mchungaji alimletea Chakula cha Bwana kitandani, akataka kumsomea Maombolezo sura ya tatu, pale penye uaminifu wa Mungu, naye akakataa mistari ya mwanzo irukwe, akaomba isomwe tangu mwanzo, penye giza na uchungu. Iliposomwa yote, mkewe akamuuliza kama ile nafasi kwenye msalaba wa binti yao iandikwe sasa.

"Iacheni," akasema. "Aliyeahidi kumfufua ni Yeye. Nimemwachia aandike mwenyewe."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, katika maumivu makali.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomgeuza kitandani tulipochoka, na mafundi wenzake. Msalaba wa leo ameuandika mwanawe wa mwisho, kwa herufi zinazoyumba, na chini pako wazi, msidhani tumesahau.

Pumzika kwa amani, kaka, kando ya mwanao, mkimsubiri Mwandishi.