Fundi Aliyeuliza Maji Yamepita Wapi

Ti-ti. Mpini wa brashi ukigonga mdomo wa kichupa, mara mbili tu: hiyo ndiyo sauti ambayo mjane wake aliisikia kutoka chumba cha pili kwa zaidi ya miaka thelathini, akajua mumewe yuko nyumbani na ametulia.

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Fundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa kitinda mimba wa mlinzi wa ghala. Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Darasa la tatu waliambiwa wachore basi. Wenzake walichora mabasi mapya yanayong'aa; lake lilikuwa na michirizi ya kahawia chini ya kila dirisha.

"Nani kakutuma ulichafue basi?" mwalimu aliuliza.

"Si mimi, mwalimu. Ni mvua."

Alichapwa viboko viwili, kisha mchoro ukabandikwa ukutani.

Alimaliza sekondari mwaka 1970. Januari 1972 akaajiriwa na karakana ya meno ya bandia, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Alikaa hapo miaka thelathini na minne. Meno aliyoyatengeneza hayakujulikana kuwa ni ya bandia, kwa sababu aliyatia madoa: rangi ya chai kidogo hapa, ufa mwembamba pale. Bibi mmoja alimjia juu akitaka meupe kama karatasi. Fundi akamwambia, "Bibi, ukicheka na meno hayo, wajukuu watayatazama meno, hawatakutazama wewe." Bibi alinuna, akayachukua yenye madoa, akarudi mwaka uliofuata na dada yake.

Hapo ndipo alipompata mke, fundi cherehani aliyemsindikiza mama yake kurekebishiwa meno. Fundi alipenda kutania kwamba alimwona mama mkwe akiwa kibogoyo kabla ya kumwona mke akitabasamu. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, wakajaliwa binti na mwana.

Mwaka 1988 alianza kupaka magari madogo sana ya plastiki. Lori zima halikuzidi kifundo cha kidole gumba. Tairi lake lilikuwa kama punje ya choroko. Mapya hayakumvutia. Aliyazeesha. Kwanza alikusanya kutu halisi kutoka kwenye mageti, akaichekecha kwa soksi nyembamba, ikamshinda: chembe zake ni kubwa mno, juu ya lori dogo namna ile zilionekana kama mawe. Akarudia rangi zake za meno, brashi ya nywele tatu na kipande cha sponji alichokichana kwa kibano. Kabla ya kugusa popote aliuliza, "Maji yamepita wapi?" Asipopata jibu, aliweka brashi chini mpaka kesho. Mwaka wa kwanza mkewe, kwa nia njema, aliliosha lori moja kwa sabuni. Fundi alilitazama likiwa safi, akasema, "Mama, umefuta miaka kumi na mitano." Wakacheka mpaka watoto wakaamka.

Jambo moja hakulitania: chini ya gari. Alipaka chini kwanza, mahali ambapo hakuna anayetazama. "Kutu huanzia chini," alisema. "Mtu halipindui, lakini lori lenyewe linajua."

Mwaka 2019 mikono ilianza kutetemeka. Mwaka 2022 macho nayo yakafifia, na ugonjwa ukamlaza kitandani. Alikuwa amemwahidi kaka yake, dereva mstaafu, mfano wa lori la maji aliloliendesha miaka ishirini na miwili, ambalo liliuzwa kama chuma chakavu. Kila Jumapili kaka alikuja na swali lile lile: "Mdogo wangu, lori langu limefika wapi?" Hapo ndipo mke wa Fundi akawa mikono yake. Alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani, kisha akakaa na brashi asiyoijua huku mgonjwa akimwelekeza: "Chini ya mfuniko wa tangi. Dereva alimwaga kila siku. Kidogo. Usiwe na pupa." Alichoka mwili na roho. Mara nyingine alisinzia akiwa ameshika brashi, na mgonjwa akamsubiri mpaka azinduke.

Fundi alituaga Jumapili tarehe 23 Juni 2024, saa mbili asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha mjane, binti na mwanawe wa kiume, wajukuu watano, na kaka yake, ambaye sasa analo lori lake. Udongo umpokee taratibu, na uchovu wake wote uishie hapa.

Mjane ameomba jambo moja lisomwe mbele yenu, ili shemeji yake asije akalipindua lori siku moja akashangaa. Jumamosi alasiri, baada ya siku mbili bila usingizi, alimwekea mumewe lori kiganjani na kumwambia limekwisha, kesho kaka akija alikute.

"Na chini umepaka?" aliuliza.

"Nimepaka."

Chini ilikuwa plastiki tupu. Kwa miaka arobaini na minne hakuwahi kumdanganya, kwa hiyo hakuwa na ujuzi, na sauti ilimsaliti. Fundi alilishika lori kwa muda mrefu. Hakulipindua. Mkewe alikwishanyoosha mkono kuichukua tena brashi, huku machozi yakimtoka. Ndipo akamsikia, kwa sauti ndogo iliyomlazimu kuinama:

"Hujapaka, mama. Na usipake. Njoo ulale."