Admirali Sakafuni

Tramu ya mji wa Yaroslavl ilifunga breki ghafla, na karatasi za mzee aliyekaa mbele yangu zikatawanyika kwenye theluji iliyoyeyuka sakafuni. Badala ya kuziokota, mzee akazikalia. “Baba wee, umelewa asubuhi yote hii?” akauliza mama mwenye koti la manyoya.

“Sijalewa, mama. Haya ni maneno ya mchezo wangu. Mwigizaji akiyaangusha huyakalia kwanza, la sivyo mchezo utaanguka. Miaka yote hii nimecheza sinema tu, leo narudi jukwaani!”

“Lo! Si wewe Rodion Gavrilovich, yule admirali wa kwenye sinema? Nililia ulipozama na meli yako! Inuka, admirali hakai kwenye tope!”

“Alizama kwa sababu hakukalia karatasi.”

“Ushirikina mtupu! Mtu mzima na akili zako!”

Magoti yangu ni rika moja na ya mzee huyo. Nilijua kukaa ni rahisi, kazi ni kuinuka. Tukafika kwenye jumba la maigizo, akainuka akiugulia, akakusanya karatasi zake. Moja ilikuwa imeteleza chini ya kiti cha yule mama. Mzee akainama kuichukua.

“Usiiguse!” mama akapiga kelele, hata dereva akageuka. Yule mama akashuka sakafuni na koti lake zuri, akaikalia. “Haya, chukua. Na safari hii usizame!”