Eustace Shilinde, Mtunza Tuta la Bwawa la Kalole (1903–1958)

Baba yetu, marehemu Eustace Shilinde, alizaliwa Bukene tarehe 2 Mei 1903, mtoto wa tatu wa mzee Mahona Shilinde na mama Katarina. Alisoma miaka minne katika shule ya misheni, Ndala. Alipenda kusema kwamba yeye alizikimbia hesabu, lakini zikamfuata kazini.

Mwaka 1926 aliajiriwa kushindilia udongo wa tuta la reli ya kwenda Mwanza. Ujuzi huo ulimfikisha Kalole, njia ya Tura, mwaka 1931. Huko mkulima wa Kizungu, Bwana Lindley, alikuwa akijenga bwawa lake la udongo, wageni wake wapate kupiga makasia na kuvua samaki. Wanawake walikanyaga udongo wa tuta huku wakiimba, na Tekla alikuwa mmoja wao.

"Dada, rudia hapo, bado pana ulaini," baba alimwambia.

"Miguu unayo. Kanyaga mwenyewe."

Baba alikanyaga mpaka jioni. Walifunga ndoa tarehe 14 Oktoba 1933.

Bwawa lilipokamilika, baba aliachiwa kulitunza. Kila asubuhi alilikagua tuta, akiziba mashimo ya panya na kung'oa miche. Ijumaa Kuu ya mwaka 1951, baada ya mvua kubwa, aliona maji ya matope yakichuruzika chini ya tuta. Bwana Lindley alikuwa ameiziba kwa mbao njia ya kupunguzia maji, ili bwawa lijae kwa mashindano ya mashua ya Jumatatu ya Pasaka.

"Bwana, yakivuja maangavu tunaweza kungoja. Yakitoka na udongo, tuta linaliwa ndani. Bondeni kuna kaya kumi na tisa."

"Usiguse mbao zangu, Eustace."

Baba alishuka bondeni akawahamisha watu, kisha akarudi akazing'oa mbao zote. Alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Sisi tulilia, yeye alikula ugali wake. Maji yalipopungua, kwenye upande wa ndani wa tuta lilionekana shimo la kuingia mtu mzima. Bwana Lindley alikuja kwetu kwa miguu, kofia mkononi.

"Nilikosea. Rudi kazini."

"Nitarudi, Bwana. Mbao hazirudi."

Na hazikurudi.

Tangu Agosti 1957 kifua kilimsumbua. Alifariki hospitalini Tabora asubuhi ya tarehe 9 Februari 1958, mama akiwa kando yake. Neno lake la mwisho kwake lilikuwa, "Umekula?"

Ameacha mjane, mama Tekla; dada yake Marcelina; watoto wanne: mimi Hilari ninayewasomea, Anselm, Katarina na Sylvester; pamoja na wajukuu sita. Baba, kazi umeimaliza. Mungu akulaze pema, upumzike kwa amani.