Venant Lubango na Waya Uliokatwa Igogo

Marehemu Venant Lubango alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 huko Kamanga, ng'ambo ya ziwa, mtoto wa kwanza wa mzee Paulo Lubango na mama Paskazia. Tangu akiwa mdogo alipenda kuweka alama kwenye kila kitu. Kuku wa mama walipotaga, aliandika juu ya kila yai kwa mkaa: tarehe, na kuku aliyehusika. Mama akamwambia, "Venant, mayai tunakula, hatuyasomi." Hakuacha. Mimi Dorcas, mdogo wake ninayesoma wasifu huu, nilimcheka kwa tabia hiyo maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi hapo Kamanga kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari mjini Mwanza hadi 1976. Mwaka uliofuata alikwenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa simu. Alirudi na cheti, pamoja na sanduku la bati ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kulifungua.

Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa fundi wa simu, na kwa miaka kumi na sita alipanda nguzo za mji huu, Butimba hadi Igogo. Mwaka 1995 alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Alifungua chumba cha ufundi Igogo, akajifundisha kompyuta mwenyewe kwa kufungua mbovu za watu. Baadhi yenu mliokaa viti vya mbele alizitengeneza zenu, na mnajua zilipona.

Tarehe 14 Julai 1984 alifunga ndoa na Getruda. Walijenga hapa Mkolani, nyumba ambayo swichi zake zote zina karatasi inayosema zinawasha nini. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa nakuja kwenye aya ambayo kamati ya mazishi iliniomba niiondoe. Sikuiondoa. Ipo kwenye karatasi mlizoshika, ukurasa wa pili.

Mwaka 1998 Umoja wa Watumiaji wa Kompyuta hapa Mwanza ulipanga mkutano wake wa kwanza, Jumamosi ya tarehe 17 Oktoba, kwenye ukumbi mmoja wa Igogo. Mgeni rasmi angetuma barua pepe Dar es Salaam mbele ya watu wote. Marehemu ndiye aliyepewa kazi ya kufunga kompyuta tatu na intaneti. Ukumbi haukuwa na simu ya kupitishia intaneti, na mwenye nyumba alikataa ukuta kutobolewa. Kwa hiyo alivuta waya kutoka ofisi ya jirani, akaupitisha juu ya mlango mkubwa, akabandika karatasi: "Waya wa simu. Usiguse. Venant." Saa mbili asubuhi alijaribu, na Dar wakajibu. Nilikuwepo.

Saa nne mgeni rasmi alifika, akakata utepe mlangoni, akapigiwa makofi, akakaa kwenye kompyuta. Kompyuta haikupiga simu Dar. Marehemu akajaribu tena na tena, jasho likimtoka mbele ya watu arobaini. Mwenyekiti, Bwana Ndalahwa, akashika kipaza sauti. "Mheshimiwa, tunaomba radhi," alisema. "Fundi tuliyemwamini ametuangusha. Kumbe kazi haijui."

Bwana Ndalahwa, upo hapa, umevaa suti nzuri. Hukumuuliza kitu hata kimoja. Jumatatu yake ulimwandikia barua ya kumfukuza kwenye Umoja, nakala ukazipeleka kila ofisi yenye kompyuta. Wateja wakaisha kabla ya Krismasi. Hiyo barua naijua vizuri, maana niliipiga chapa mimi, katibu muhtasi wako.

Mwezi Machi mwaka huu marehemu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Mimi si daktari, sitasema mkutano ule ndio uliomuua. Nasema tu kwamba kwa miezi mitano hakufika mwanachama hata mmoja kumjulia hali. Leo nimewahesabu kumi na wanne, mmeleta na shada. Alifariki Jumanne, tarehe 24 Agosti 1999, saa kumi na moja alfajiri, Getruda akiwa amemshika mkono.

Juzi tulifungua lile sanduku la bati. Ndani tulikuta kipande cha waya wa simu kilichozungushiwa utepe mwekundu, kimekatwa kwa mkasi.

Mapambo ya mlango nilifunga mimi. Utepe ulikuwa laini mno, ukawa unalegea, na nilitaka bosi wangu asiaibike mbele ya mgeni. Nikaona waya juu ya mlango. Nikaushusha usawa wa kiuno, nikauzungushia utepe, ukanyooka vizuri. Karatasi yake niliisoma. Nikasema, huyu naye na karatasi zake, nikaifunika kwa ua. Mgeni rasmi alikata vyote kwa pamoja.

Tukiwa njiani kurudi alinionyesha kile kipande, nikaanza kulia. Kaka akaniambia, "Dorcas, ukisema, Ndalahwa atakufukuza. Wewe una mshahara, mimi nina mikono. Nyamaza." Nikanyamaza, hata mikono yenyewe ilipokosa nguvu. Nina hasira na ninyi nyote, lakini mliomkosea mlikuwa hamjui. Mimi nilijua. Barua yangu ya kuacha kazi, Bwana Ndalahwa, iko mezani kwako tangu asubuhi.

Marehemu ameacha mama mzazi, Paskazia, mjane, Getruda, watoto watatu, Rose, Revocatus na Tereza, na mdogo mmoja.

Waya ule una karatasi, kwa mwandiko wake: "Waya wa simu. Mzima. Umekatwa 17/10/98. Aliyehusika:" Hapo aliacha wazi, mtu aliyeandika hadi majina ya kuku. Jana nimepajaza. Nimeandika Dorcas Lubango, na waya tumemwekea kwenye jeneza.

Kaka, pumzika. Kazi uliijua.