Mzee Spana na Mashine Namba Mbili

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama kusoma maisha ya kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Spana, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa pili wa mshona viatu, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1966, na hapo karo ikagoma.

Tarehe 12 Juni 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni kama fundi msaidizi, na mwaka 1974 Mashine Namba Mbili ilipofika vipande vipande ndani ya masanduku, pamoja na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, marehemu alipiga moyo konde akaiunganisha kwa siku kumi na tisa, zikabaki nati tatu, akasema ni za akiba. Tangu hapo mashine ile haikukubali kuwaka kwa mtu mwingine, wahandisi watano walikuja na vyeti vyao wakaondoka wamefyata mkia, lakini kila marehemu alipoomba cheo cha fundi mkuu aliambiwa kwamba hana cheti, jambo lililomuuma sana, na sisi nduguze lilituuma.

Alifunga ndoa tarehe 9 Septemba 1978, akachelewa saa tatu kwa sababu ambayo mnaijua, wakajaliwa watoto wanne, wote akawapakata kwa mara ya kwanza akiwa na grisi hadi kwenye viwiko. Alistaafu mwaka 2011, akapewa saa ya ukutani, wiki moja baadaye akaitwa tena, akastaafu upya mwaka 2014 na 2018, kila mara kwa saa nyingine na kuitwa tena, na sebuleni kwake zipo saa tatu ambazo hazijawahi kukubaliana.

Januari 2023 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, akawa anakwenda kazini ameshikwa mkono na shemeji yetu, mkewe, wakifika anafukuza watu wengine wote kwenye chumba cha mashine, na baada ya dakika chache mashine inanguruma. Alifariki Jumanne tarehe 6 Mei 2025 alfajiri, na tangu siku hiyo mashine imenuna, ndiyo maana wafanyakazi mia na themanini mnaowaona hapa wanalia kwa macho mawili, moja la marehemu, jingine la kibarua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotuazima viti, wafanyakazi wenzake, na mkurugenzi wa kiwanda, aliyefika tangu saa moja asubuhi akaketi mbele kabisa na daftari, ingawa hakuna aliyemwomba aandike chochote.

Shemeji ameniagiza niseme kwamba kwa miaka hii miwili mkono uliokuwa ukiiwasha mashine ni wake, marehemu akielekeza kwa kidole, na yuko tayari kuja kuiwasha Jumatatu saa mbili asubuhi, ila kabla ya hapo iletwe nyumbani barua yenye muhuri, inayompandisha cheo mumewe kuanzia mwaka 1974.

Pumzika kwa amani, fundi mkuu.