Mzee Lugano Mwakibinga na Majina Kamili ya Kompyuta Zetu

Miaka thelathini na mmoja ya utumishi wa Mzee Lugano Mwakibinga, afisa TEHAMA wa hospitali yetu hapa Tukuyu, inafikia kikomo tarehe 30 Juni 2025. Aliingia mwaka 1994 akiwa karani wa masijala, na taipureta iliyopungukiwa herufi moja na shati jeupe moja, ambalo anasema alilifua kila jioni na kulianika juu ya jiko, maana kwa mvua za Tukuyu ukingoja jua utakwenda kazini kifua wazi.

Kompyuta zilipokuja, yeye ndiye aliyekubali kuzisomea wakati sisi wengine tukiziogopa. Alivuta nyaya mwenyewe juu ya dari. Tulipofungua vituo vya Isongole na Nkunga, alipanda bodaboda akiwa amekumbatia seva iliyovikwa koti lake la mvua, yeye akalowa chapachapa. Ukimpigia simu kwamba mtandao umekufa, swali lake la kwanza lilikuwa kama umewasha swichi ya ukutani. Wengi tulikata simu bila kuaga.

Lakini mfanyakazi yeyote aliyeajiriwa hapa miaka ya karibuni anamjua kwa somo moja: jina kamili la kikoa, yaani anwani nzima ya kompyuta mtandaoni. Aliwaambia wageni wa kazi kwamba ukifika msibani Nkunga ukajitambulisha kuwa ni Lugano, basi, wazee watakuuliza Lugano yupi, mwana wa nani, wa kijiji gani. Kompyuta nayo ni hivyo. Ile ya wodi ya wazazi hapa Tukuyu huandikwa wazazi, nukta, tukuyu, nukta, jina la hospitali, nukta, or, nukta, tz. Mwanzo ni mashine yenyewe, kisha kituo ilipo, kisha taasisi, kisha or ya mashirika, na mwisho nchi. Hakuna jina la pili kama hilo duniani kote. Mashine ikifa ukaweka nyingine, namba yake ya mtandao hubadilika lakini jina hubaki, na mtu aliyeko Nkunga ataifikia vilevile. Kwa majina hayo barua pepe zetu hufika, tovuti yetu hufunguka, na majibu ya vipimo huenda kunakotakiwa.

Hili la mwisho halikutoka kitabuni. Mzee Lugano ameomba lisiachwe katika wasifu huu, nami naliandika kwa moyo mzito.

Aprili 2016 kompyuta ya maabara iliharibika. Mzee Lugano akaleta nyingine kutoka Isongole. Siku hizo tulitumia majina mafupi, na kila kituo kilikuwa na mashine iitwayo wazazi. Ukiandika jina fupi, kompyuta hulijaziliza yenyewe kwa jina la kituo ilichopangiwa, na hii bado ilidhani iko Isongole.

Jumamosi moja asubuhi aliletwa Anyitike, mama mmoja kutoka Kawetele, mwenye uchungu na damu pungufu. Daktari alihitaji majibu ya damu kabla ya kumpasua. Mtaalamu wa maabara zamu ile nilikuwa mimi, Emiliani, mwaka wangu wa kwanza kazini, mgeni kutoka Kagera. Saa tatu na dakika arobaini niliyatuma kwa jina fupi, wazazi. Wodi wakapiga simu kwamba hayajafika, nikawajibu nimeyatuma. Wakapiga tena, nikajibu vilevile, safari hii kwa ukali. Majibu yalikuwa yamelala kwenye printa ya Isongole, ambako muuguzi aliona jina asilolijua akayaweka kando. Saa saba Sista Winfrida wa wodi ya wazazi alikuja mwenyewe kwa miguu, akanisukuma kidogo begani, akanakili majibu kwa mkono. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Nikapewa barua ya kujieleza. Iliandikwa kwamba sikutuma majibu, na sikuwa na ushahidi kwamba niliyatuma. Nilishafunga begi. Kikao kilipoanza, Mzee Lugano, ambaye hakuna aliyemtuhumu, aliingia na karatasi ya kumbukumbu za mashine. "Kijana alituma," alisema. "Saa ile ile anayosema. Mashine niliileta mimi toka Isongole, nikasahau kuibadilisha. Kosa ni langu, msimwandikie yeye."

Wiki iliyofuata alikwenda Kawetele, ingawa hakutumwa na mtu. Nilimfuata. Aliketi mbele ya Anyitike na mumewe, Ackson, akawaeleza habari yote bila kujificha nyuma ya maneno ya kitaalamu. Ackson akasema, "Ndaga, mzee, asante. Wengine wangetuachia tuseme ni mapenzi ya Mungu." Tuliporudi njiani Mzee Lugano alilia, nami nililia.

Kisha akafanya kazi ambayo wengi hamkuiona. Alipita kompyuta zetu zote arobaini na sita, katika vituo vyote vitatu, akazipa majina kamili na kuuzima ule mtindo wa kujaziliza. Akaagiza wodi ipige simu maabara kuthibitisha kila majibu yanapofika. Tulimnung'unikia kwa majina marefu. Tangu hapo hakuna majibu yaliyopotea, na sisi wa maabara ndio wa kwanza kulishuhudia hilo.

Uongozi ulipokea ungamo lake, na ungamo likawekwa kwenye faili lake. Mzee Lugano hakupandishwa daraja tena. Anastaafu na cheo kilekile alichokuwa nacho asubuhi ile alipoingia kwenye kikao. Mimi niliyekuwa nimefunga begi nimepandishwa mara mbili, na leo ofisi ya mkuu wa maabara ni yangu. Sijawahi kumsikia akilitaja jambo hilo la cheo, hata kwa utani.

Mzee wetu, asante. Nenda kwa amani kwenye migomba yako na mama watoto, Mungu akupe afya na usingizi mzuri. Deni langu kwako sitalimaliza, na nimeona watumishi wote walijue.

Emiliani Rwegoshora
Mkuu wa Maabara