Duara Jekundu Alilolifuta Dakta Akua Birago Nsiah

Wazee wa ukoo, wachungaji na wafiwa wenzangu, mimi ni Kwadwo, mdogo wa marehemu, na ukoo umenituma nisome haya kwa utulivu, kazi ambayo tangu nianze kuchekesha watu jukwaani hakuna aliyewahi kunipa.

Dada yetu alizaliwa Bekwai, Jumatano, tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa kwanza wa mama muuza kenke, ule uji mgumu wa mahindi yaliyochachushwa, na baba mwalimu wa hesabu, akasoma hapo hapo, kisha sekondari ya wasichana Kumasi, na mwaka 1988 akahitimu udaktari wa meno Accra, akarudi kung'oa meno ya watu aliokua nao, wa kwanza nikiwa mimi, na nililia hadi wagonjwa wawili wakaondoka.

Tarehe 6 Oktoba 1990 aliolewa na Bwana Dwamena, fundi saa, wakajaliwa Nhyira na Kwabena, pamoja na kliniki ya meno ya Tafo, hapa Kumasi, ambayo shemeji aliiita mtoto wa tatu asiyetaka kuhama nyumbani.

Mwaka 2021 kliniki ilipata programu ya kompyuta inayosoma picha za eksirei na kuzungushia duara jekundu kila jino inalolishuku, ila walioifundisha hawakuwa wameviona vinywa vyetu, sisi tunaosugua kwa mswaki wa mti hadi shingo za meno zinalika, basi kila jino lililolika ililiita bovu, na dada akawa anafuta maduara kutwa, akayanusuru meno mazima ya watu wengi, wengine mmekaa hapa mnatafuna.

Agosti 2023 taya lilimuuma, akapigwa picha, duara likatokea kushoto, chini kabisa, na Dakta Wumbei, msaidizi wake, akasema, "Mama, hili limekaa kwenye mfupa, hebu tuikuze picha," naye akajibu, "We Wumbei, mashine haijawahi kutafuna mti hata siku moja, leo inifundishe taya langu? Futa, niitie mgonjwa," likafutwa.

Januari 2024 taya lilivimba, picha ile ikafunguliwa tena, kivuli cha saratani kilikuwa pale pale, akakatwa sehemu ya taya, akachomwa mionzi, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatembea, na kilichomnyima usingizi kitandani ni hofu kwamba baada yake vijana wataitii mashine kwa kila neno, akamwita Wumbei, akamwambia kwa taabu, "Ukiiogopa sasa, utang'oa Kumasi nzima. Bishana nayo, ila angalia kwanza. Mimi siku ile sikuangalia, nilikuwa nimechoka."

Alifariki tarehe 9 Februari 2025, Nhyira akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Tafo waliotupikia tulipokosa nguvu hata ya kuwasha moto, na wenzake wa kliniki, ambao jana, katikati ya msiba, walisimama wawili mbele ya picha ya bibi mmoja, wakabishana na mashine, wakaikuza picha, wakaangalia tena, wakaliacha jino lake kinywani.

Dada, Jumatatu kliniki inafunguliwa kama kawaida na watu wapo, lala sasa, upumzike kwa amani.